Usituletee Mabaki, Mjukuu Wangu

Tunu, mke mwenzangu,

Salamu sikuandikii, maana asubuhi umenipa shikamoo nikakuitikia, na uji tumekunywa wa sufuria moja. Sasa hivi wewe uko Kisarawe unawaaga wajomba, nami nimekaa barazani hapa Tangini na daftari lako la zamani juu ya paja. Utakaporudi magharibi nitakuwa nimemaliza. Ukiona mistari inapanda na kushuka, ujue ni mkono wa mtu ambaye hakuketi darasani hata siku moja, na usinicheke. Wiki hii umekwisha kunicheka mara moja, inatosha.

Habari za sweta, za baridi ya Nairobi, za kutomkabidhi mtu simu yako stendi, mama yako amekupigia toka Dodoma mara tatu, na mara tatu umemwitikia "ndiyo, mama." Mimi siongezi. Nina jambo moja tu, nalo limenikwama kooni tangu Jumatatu.

Jumatatu ulikuwa unapiga pasi sebuleni, simu umeiweka mezani inaongea kwa sauti, bosi wako mpya anawaeleza kazi mtakayoanza nayo. Mimi nilikuwa nachambua mchele. Sikukaa pale kusikiliza, ila masikio sikuyaziba. Akasema gemu la mpira la kampuni moja kubwa linatakiwa lihamishiwe kwenye ile mashine ya familia ya kuchezea magemu, na ninyi ndio mtakaolihamisha. Mwenzako mmoja akauliza mtapewa muda gani wa kulitengeneza sawasawa. Yule bosi akajibu, na maneno yake nimeyashika yote:

"Hiyo ni ya watoto na mashosho. Chukueni ya mwaka jana, muivalishe jezi mpya, mtoe. Hawatajua tofauti."

Shosho ndivyo watu wa kule wanavyomwita bibi, ulinieleza mwenyewe. Basi shosho ni mimi. Na wewe, Tunu, ulicheka.

Hakikuwa kicheko kikubwa. Kilikuwa kile cha mtu mgeni kazini anayetaka wakubwa wamwone ni mwenzao. Nakijua vizuri, kwa sababu nimewahi kukicheka mwenyewe, na huko nitakufikisha. Lakini ujue kwanza kwamba siku zote hizi ulizokuwa unaniuliza kama presha imepanda, presha yangu iko sawa. Nilikuwa nimekasirika. Na hasira yangu nimeona nisikumwagie kwa mdomo, maana kwa mdomo ungenijibu, tungetaniana, tungecheka, na kesho ungepanda basi la Nairobi hujasikia kitu.

Umesahau hiyo mashine ni nini katika nyumba hii. Mama yako aliileta toka Kariakoo ya mtumba, nyeupe, imefungwa kwenye taulo, wewe uko darasa la tano. Nikamwambia amepotelewa na akili. Mtoto hana sketi ya pili ya shule, yeye analeta sanduku la kupigia kelele. Mkaiunganisha kwenye runinga, nami nikaenda zangu jikoni kwa makusudi, nikawa nagonga sufuria ili mjue nimenuna.

Ukanifuata. Ukasema mashine inataka jina la kila mchezaji, na wewe umekwisha weka lako. "Bibi, na wewe." Nikakuambia mimi kuandika sijui, unajua sijui, usinitie aibu mbele ya mwanangu. Ukasema, "Huandiki, bibi. Unaonyesha tu." Ukanitia ile rimoti mkononi, ukanishika kifundo cha mkono. Herufi zimetandazwa pale kwenye kioo kama choroko kwenye ungo. Ukaniambia hii, nikaionyesha. Na hii. Na hii. Kile kidole cha kwenye kioo kinarukaruka, mama yako anacheka mpaka anakohoa. Tulipomaliza likatokea neno, ukaniambia, huyo ndiye Mwajabu.

Nilikuwa na miaka hamsini na kitu, Tunu. Nimezaa watoto watano, nimezika mume, nimekwenda ofisi za serikali nikapewa kile kidau cha wino nichovye dole gumba. Jina langu nilikuwa sijapata kuliandika mahali popote chini ya jua. Mahali pa kwanza ni pale. Halafu ndipo ukaleta daftari, na kila siku baada ya alasiri ukawa mwalimu mkali kuliko walimu wako. Kwa hiyo mtu akiniambia ile ni mashine ya watoto na mashosho, akadhani ametukana, mimi namwambia ndiyo, ni yetu. Sasa kwa nini iwe sababu ya kutuletea takataka?

Na Jumamosi zetu je? Mama Neema, jirani yetu, anatoka zamu hospitali, miguu imemvimba, hata kwake hajafika anapita hapa kwanza, "Bibi, leo nakuangusha." Sebule inajaa. Mchezo wa tenisi, mchezo wa kubingirisha mpira uangushe vigingi, ule wa mbio za magari ambao mimi nilikuwa naendesha kinyume na njia. Mama Neema anarusha, anakosa, namwuliza kama huko hospitali sindano anachoma hivyohivyo. Naye ananiambia mkono wangu umezeeka, nirudi Kisarawe nikapumzike. Namwambia Kisarawe hatupumziki, tunapumzishwa. Mtoto wa miaka sita na mimi tunacheza sawa, hakuna anayemsubiri mwenzake. Magemu yale waliyatengeneza wenye mashine wenyewe, na waliyatengeneza kama mtu anayepikia wageni anaowaheshimu. Mimi sijui ni watu wa dini gani wala wanakula nini, lakini nilijua kwamba wakati wanayatengeneza walinifikiria.

Ulipokwenda chuo ukarudi siku moja na habari kwamba mashine yetu imeingia majumbani dunia nzima kuliko zile kubwa nyeusi za vijana. Nilifurahi utadhani nimeiunda mimi. Nikakuuliza, sasa mbona magemu mapya hayaji kwetu? Kila linalotangazwa linakwenda kwa zile nyingine, sisi tunaambiwa baadaye, au hatuambiwi kabisa. Ndipo ukanikalisha, ukanieleza kwamba kuna wenye mashine, na kuna watu wa nje. Wenye mashine wanaunda mashine na magemu yao. Watu wa nje hawana mashine, wao wana magemu tu, na wanayapeleka kwenye mashine wanayoitaka. Hao wa nje ndio wanaotupita mlangoni.

Nilikuuliza sababu, na ulinipa sababu. Sikuzikataa zote, niseme haki. Ulisema mashine yetu ina nguvu ndogo, na gemu lililoshonewa mtu mnene halimkai mwembamba kwa kukunja pindo tu, lazima lifumuliwe likatwe upya. Na rimoti yake ni ya kupunga hewani, haifanani na za wenzake, kwa hiyo hata mikono inataka kufikiriwa upya. Nilikubali. Kazi ngumu ni kazi ngumu, sikatai, na wenye mashine wenyewe waliamua kutengeneza kitu kisichofanana na cha mtu mwingine, basi na lawama yao wana kidogo.

Ukasema tena kwamba wenye mashine wanapika vizuri mno, wateja wote wamejazana kwao, mtu wa nje akiweka meza pembeni hapati mtu. Hapo nikakuambia hayo ni maneno ya mwanamke aliyeleta maandazi ya jana halafu analalamikia foleni ya jirani. Ulicheka, na kile kilikuwa kicheko kizuri. Lakini nusu nikawapa pia, maana nimeuza Mlandizi miaka mingi, najua uchungu wa kupanga vitu vyako nyuma ya mtu ambaye banda ni lake na kivuli ni chake.

Ukasema wanaotengeneza wengi ni vijana, wanatengeneza wanachopenda wao kucheza, bunduki na kukimbizana, na mafundi wao wazuri wanawaweka kwenye zile mashine kubwa. Yetu wanawatupia wanaojifunza, au wanaipa kampuni ndogo ya mbali iimalize haraka. Hapo nilikuwa bado nachambua mchicha kwa amani. Sikujua kwamba kampuni ndogo ya mbali siku moja itakuwa na mjukuu wangu ndani.

Halafu ukaitoa ya mwisho. Ukafungua kompyuta, ukanionyesha mchoro wa mauzo, vibomba vya rangi, kirefu na kifupi, ukasema, "Bibi, tatizo ni kwamba watu wa mashine hii hawanunui magemu ya nje. Wananunua mawili matatu ya wenye mashine, basi."

Nikaweka kisu chini. Nikakuuliza, waliletewa nini wakakataa kununua? Ukafunga kompyuta. Ulikuwa unajua jibu, kwa sababu jibu lilikwisha kutokea sebuleni kwetu.

Ni ile likizo uliyofanya kazi stesheni ya mafuta, ukanunua gemu la mpira kwa ajili ya baba Neema. Yule baba wa watu anaamka alfajiri kwenda Dar kazini, anarudi usiku, furaha yake duniani ni mpira. Ukasema tumshangaze. Nikapika pilau, nikaazima viti kwa jirani, nikawaambia watu kuna gemu jipya kabisa, limetoka mwaka huu. Mimi Mwajabu nikajitapa mtaa mzima. Wakaja. Baba Neema amevaa mpaka jezi.

Akashika rimoti, akatafuta mchezaji anayempenda, yule aliyehama timu. Bado yuko timu ya zamani. Mtangazaji anasema maneno yaleyale ya gemu la mwaka uliopita, lile tulilowahi kuazima, mpaka kikohozi chake kilekile. Unapunga mkono mpaka bega linauma, mtu wa kwenye kioo amesimama kama mgomba. Kilichobadilika ni nguo. Baba Neema ana adabu zake za kwao Upareni, akageuka taratibu akaniuliza, "Bibi, mechi hii si tuliicheza mwaka jana?"

Watu wakacheka kwa upole, wakahamia kwenye pilau. Nami nikacheka. Lakini niliona haya, Tunu, haya ya mwenye nyumba aliyewapakulia wageni kiporo akakipambia kachumbari mpya juu. Na kiporo hakukipika yeye, amekinunua kwa bei ya chakula kipya. Tangu siku hiyo gemu la watu wa nje halikuingia tena humu ndani. Na mahali fulani kuna mtu mwenye kompyuta alichora kibomba kifupi, akaandika kwamba hawa hawanunui. Akafunga mjadala. Mwaka uliofuata wakaleta baya zaidi, kwa sababu hatununui. Hata huyu mdogo wake mashine tuliye naye sasa, wa kubebeka, aliyeletwa na mama yako, huyohuyo mnayemhamishia gemu, ugonjwa wake ni uleule.

Hapo ndipo damu yangu inapochemka. Wanakuletea kibovu, unakataa, halafu kukataa kwako ndiko kunakuwa ushahidi kwamba kizuri hukistahili.

Sasa nikuambie ninajuaje. Mama yako hajui haya yote, anajua nusu. Babu yako hakujua kabisa, na nashukuru.

Ujana wangu nilichuuza kanga. Hilo unalijua, umeona picha. Nilikuwa nachukua mzigo Kariakoo, nafungua bunda hapa nyumbani, nachagua. Doti nzuri kuliko zote, zenye rangi iliyokolea, pindo limenyooka, hizo zinakwenda Mlandizi, kwa wake za maofisa na walimu. Zinazofuata nawapelekea ndugu zetu Kisarawe, maana ndugu wakikukasirikia utazikwa na nani. Zinazobaki, zilizofifia, zilizochapwa upande, kipande kimoja hakifanani na mwenzake, hizo nafunga nazitia kwenye baiskeli, napeleka Janga.

Kwa nini Janga? Nilikuwa na sababu zangu nzuri kama zako. Njia mbaya, mvua ikinyesha baiskeli inanibeba au naibeba. Watu wake wakulima, wanasubiri mpunga uvunwe. Wako mbali, siku nzima inaishia njiani. Yote kweli, hata moja sikusingizia. Nikifika natandaza, wanawake wanakuja, wanashika, wanageuza, wanarudisha. Wananunua moja mbili za kuvalia shambani. Nikirudi Mlandizi wachuuzi wenzangu wakiniuliza soko la Janga likoje, nawaambia, "Janga hawana macho ya kanga." Tunacheka. Kicheko kilekile, Tunu. Kile cha Jumatatu.

Kulikuwa na mwanamke mmoja pale, mama Sikudhani. Mrefu, maneno machache. Binti yake, huyo Sikudhani, alikuwa mwali wa unyago, yuko ndani, na siku ya kumtoa ilikuwa imepangwa baada ya mavuno. Akaniita pembeni akaniambia anataka sare, doti za rangi moja, nyekundu, kwa wanawake wote wa nyumba yao, watakaomcheza mtoto. Akanieleza miezi minne kabla, ili nisipate kisingizio. Alinishika mkono akasema nimtafutie kama ninayemtafutia mwanangu. Nikasema nimesikia.

Na nilizipata. Haki ya Mungu nilizipata, nyekundu kama pilipili iliyoiva, zote za bunda moja. Nikaziweka kitandani kwangu. Juma lilelile akaja mke wa ofisa mmoja wa Mlandizi, ana harusi ya mdogo wake, akaziona, akazitaka zote pale pale. Nikafikiria kidogo sana. Nilichofikiria ni hiki: Janga hawatajua tofauti.

Ndiyo. Maneno yaleyale, neno kwa neno. Ndiyo maana Jumatatu mchele ulinimwagika.

Nikazitafuta nyingine huku na huku, nyekundu hii na nyekundu ile, za mabunda mawili tofauti. Bunda moja rangi yake ilikuwa haijashika vizuri, nilijua kwa kuinusa. Nikazikunja kwa ustadi, nzuri juu, mbaya chini, nikazipeleka mwishoni kabisa, siku mbili kabla, wasipate muda wa kunirudishia.

Wakanialika kwenye ngoma, kwa heshima. Nikaenda, maana kutokwenda kungenisema. Mwali akatolewa, amepakwa mafuta anang'aa, kitambaa cheupe kiunoni, somo yake, yule aliyemfunda ndani, amembeba begani. Wanawake wamemzunguka. Na juani, mjukuu wangu, wekundu wa aina mbili haujifichi. Huku nusu ya wanawake wamewaka, huku nusu wameiva vibaya kama nyanya za masika. Wageni wa vijiji vingine wananong'ona kwamba ukoo huu umeshindwa hata kuvaa pamoja. Jasho likaanza. Yule somo kanga yake ilikuwa ya bunda lile lisiloshika, na rangi ikamchuruzika begani ikahamia kwenye miguu ya mtoto, kwenye kile cheupe. Mtoto akatazama chini akaona wekundu umemwenea. Hakujua ni rangi. Akalia, pale juu, mbele ya watu wote waliokuja kumwona amekuwa mtu mzima.

Mama Sikudhani hakunifokea. Alingoja ngoma ikaisha, akanifuata nilipokuwa nafungua baiskeli, akaniambia kwa sauti ya kawaida tu:

"Bi Mwajabu, nasikia huko Mlandizi unasema Janga hatuna macho. Macho tunayo. Hujatuletea kitu cha kuyatumia."

Nilipanda baiskeli nikaondoka. Miaka miwili sikukanyaga Janga. Katika miaka hiyo akatokea mchuuzi mwingine, mwanamke mdogo wa kutoka Ruvu, hana jina wala uzoefu. Yeye akawa anaanzia Janga. Anafungua bunda kulekule, mbele yao, wachague wao kwanza, Mlandizi baadaye. Unajua kilichotokea? Wakamaliza bunda. Kila mara wakamaliza bunda. Wanawake walewale, mpunga uleule, njia ileile mbovu. Yule mwanamke akajenga nyumba ya bati kwa watu ambao mimi niliapa hawanunui.

Nikajikaza nikaenda kwa mama Sikudhani na doti nyekundu za bunda moja, idadi ileile, nikitaka nimpe bure. Alinipokea. Alinipa kiti, akanipa maji, akaniuliza habari za watoto wangu mmoja mmoja. Nikafungua mzigo. Akazishika, akazisifu, akazikunja tena vizuri kuliko nilivyozikunja mimi, akanirudishia.

"Mwali hatolewi mara mbili," akasema.

Basi. Nilirudi nazo. Kuna hasara ambazo ukisharudi kuzilipa unakuta mlango umekwisha hama, na hiyo ndiyo yangu. Sikudhani sasa ni mtu mzima ana wajukuu, na sijui kama siku moja imepita hajaikumbuka ile siku yake.

Sikuandikii haya ili ulie kwenye basi. Nakuandikia kwa sababu bosi wako amekutengea Janga yako, na wewe umeanza kwa kicheko changu. Sisemi yeye ni mtu mbaya. Mimi nilikuwa mtu mbaya? Nilikuwa na watoto watano na baiskeli. Naye labda ana watu juu yake wanaomkimbiza. Lakini yeye hajawahi kukaa sebuleni kwetu Jumamosi. Wewe umekulia pale. Yeye anasema hawatajua tofauti kwa sababu hawajui hao watu. Wewe ukisema hivyo utakuwa unadanganya, na unayemdanganya unamjua kwa jina.

Najua utanijibu nini, nakusikia hata ukiwa Kisarawe. Utasema, bibi, mimi ni mdogo kazini, sina sauti, hata mkataba sijatia saini, nitautia nikifika. Vizuri. Mkataba haujatiwa saini, basi mdomo bado ni wako. Kabla hujashika hiyo kalamu mwambie bosi wako kwamba lile gemu unataka lifumuliwe likatwe upya, na unataka muda wake. Mwambie hata kama ni gemu dogo kuliko la mashine kubwa, hata kama majani ya uwanjani hayatikisiki na mashabiki hawana nyuso, sisi hayo hatuyadai. Tunataka mtu akipunga mkono, yule wa ndani apige mpira. Tunataka mchezaji aliyehama awe amehama. Ulinieleza mwenyewe kwamba hilo linawezekana, ukanichorea kwenye meza kwa unga. Usijifanye umesahau kwa sababu umefika ghorofani.

Mwambie pia umetoka kwenye nyumba ambayo ilinunua, ikadanganywa, ikaacha kununua. Kwenye vile vibomba vyao hatumo. Labda hajawahi kukutana na mtu wa huko akiwa hai.

Anaweza kukusikiliza. Watu wengine hawajaambiwa tu. Mimi kama mtu angenishika mkono siku ile doti ziko kitandani, akaniambia, Mwajabu, yule mtoto anatolewa mara moja, labda nisingeuza. Hakuwepo mtu. Wewe uwepo.

Na anaweza kukataa, akakwambia ama jezi mpya ama mlango ule pale. Hapo sitakuamulia. Najua ulivyohangaika na hiyo kazi, nimekuona ukituma barua hizo na kungoja, nimekuona ukijifungia chumbani wakikataa. Sitakuambia uache ugali wako kwa sababu ya hasira ya mwanamke mmoja wa Tangini. Utakachoamua utakiamua wewe, na utalala nacho wewe, kama mimi ninavyolala na changu.

Ila chumba chako sikipangishi. Mama Neema amekwisha niulizia kwa ajili ya mdogo wake, nimemwambia kina mtu. Ukirudi kwa sababu umekataa kutuletea mabaki, utanikuta hapa, nitakuchinjia yule jogoo mbaya anayewasumbua majirani, na sitakuuliza habari ya mshahara hata kwa kukonyeza. Na ukirudi kwa sababu umeyaleta, Tunu, umeyavalisha jezi ukayatoa, mlango ni uleule na chakula ni kilekile. Nitakupakulia nyama ya kutosha, nikae mbele yako nikutazame, mpaka umalize kula.

Bibi yako,
Mwajabu